Kamera inapoharibika katikati ya kazi: fundi wa mjini, karakana ya Johannesburg au kamera ya pili?

Mwezi wa Julai mwaka juzi, katika harusi moja ya Kampemba hapa Lubumbashi, Canon EOS 5D Mark III yangu iliandika “Err 30” wakati bibi harusi alikuwa amekwisha kunyoosha kidole ili avishwe pete. Niliizima, nikatoa betri, nikairudisha, nikaiwasha. Ikanipa picha mbili, kisha maandishi yaleyale yakarudi. Pete niliipata katika moja ya picha hizo mbili, lakini sherehe yote iliyofuata, kuanzia mlango wa kanisa hadi ukumbini usiku, niliipiga kwa kamera ndogo ya kijana aliyekuja kunishikia taa. Kamera yangu ilikaa kwa mafundi wiki kumi na moja: mbili kwa fundi wa mjini ambaye hakuwa na kipuri, na tisa katika safari ya kwenda na kurudi Afrika Kusini. Katika wiki hizo ndipo nilipotambua kwamba swali tunaloulizana kila mara, yaani kutengeneza ni bei gani, hutupeleka pabaya. Linalofaa kuulizwa kwanza ni hili: nitakaa siku ngapi bila chombo changu cha kazi, na siku hizo nitazipitaje?

Ulinganisho huu unahusu njia nne zilizo wazi kwa mpiga picha anayeishi kwa kamera yake hapa Lubumbashi: kumpa fundi wa mjini, kuipeleka kamera katika karakana iliyoidhinishwa na kampuni nje ya nchi, kununua kamera ya pili, au kukodi na kuazima kwa mwenzake. Sitazipa nafasi sawa, kwa kuwa hazina uzito sawa.

Je, kamera imeharibika kweli?

Kabla ya kuchagua njia yoyote, inafaa kuhakikisha kwamba kuna uharibifu. Kamera nyingi zinazopelekwa kwa fundi zina tatizo la lenzi, kadi au betri tu. Utaratibu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: lenzi nyingine kwanza, kisha kadi nyingine, kisha betri nyingine, huku ukiandika kila jaribio limetoa nini. Kwenye Canon, “Err 01” inahusu mawasiliano kati ya kamera na lenzi, na mara nyingine huondoka baada ya kupangusa vijipini vya dhahabu kwa kitambaa kisafi chenye alkoholi ya isopropili kidogo. “Err 02” inahusu kadi, na “Err 30”, ile iliyonipata mimi, inahusu shata, yaani mapazia yanayofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Kwenye Nikon, maandishi “fEE” hutokea mtu anapofunga lenzi ya zamani yenye pete ya tundu (mlango wa kupitishia mwanga) bila kuizungusha hadi namba ya mwisho, na hapo hakuna cha kutengeneza. Betri za kuiga nazo zina lawama kubwa, hasa katika mji ambao umeme wake hupanda na kushuka hata chaja zikachoka kabla ya wakati.

Jambo ambalo usilifanye mwenyewe ni kufungua kamera yenye flashi ndani yake. Kapasita ya flashi huweza kubaki na umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya betri kutolewa, na umeme huo unaweza kumuumiza mtu vibaya.

Fundi wa mjini

Fundi wetu kwa kawaida ni mtu wa simu, redio na televisheni aliyepanua kazi yake, au mzee aliyetoka katika studio za enzi ya filamu. Ninawaheshimu wote wawili. Kuna kazi wanazozifanya vizuri, kwa siku moja au mbili, na kwa bei ambayo karakana ya nje haiwezi kuikaribia: kulehemu tundu la waya lililong'oka, kunyoosha vijipini vya sehemu ya kadi, kubadilisha mlango wa betri, kurekebisha swichi ya kuwashia, kufungua kichujio kilichokwama mdomoni mwa lenzi baada ya kuanguka. Kwa mambo hayo, kutuma kamera Johannesburg ni kupoteza muda.

Mpaka wa fundi huyo uko mahali pawili. Wa kwanza ni vipuri. Kwa kuwa kampuni haimuuzii vipuri vipya, yeye huvitoa katika kamera zilizokufa, na kipuri kilichotoka katika maiti kina umri wake. Shata ya kamera ya zamani inaweza kuwa imekwisha kupiga mara laki moja, na hakuna anayekuambia. Hata Marekani hali imeelekea huko: Nikon iliacha kuwauzia mafundi wa kujitegemea vipuri mwaka 2012, na mwaka 2020 ikafuta pia mpango wake wa karakana za nje zilizoidhinishwa. Basi fundi wa Avenue fulani hapa kwetu asilaumiwe kwa kukosa kile ambacho hata wenzake wa nchi tajiri wamenyimwa.

Mpaka wa pili ni upimaji. Kamera si saa ya ukutani ambayo ukiirudisha na ikatembea umemaliza. Umbali kati ya mdomo wa kamera na sensa, kile kipande kinachopokea mwanga wa picha, ni milimita 44 kwa Canon zenye mdomo wa EF na milimita 46.5 kwa Nikon zenye mdomo wa F, na umbali huo hurekebishwa kwa vipande vyembamba sana vya chuma vilivyowekwa chini ya mdomo au nyuma ya sensa. Fundi akivirudisha kimoja juu ya kingine bila kukumbuka mahali pake, tofauti ya sehemu chache za mia za milimita hutosha kuhamisha fokasi, yaani mahali picha ilipo kali, kutoka jichoni hadi sikioni. Shata mpya nayo huhitaji kupimwa ili mapazia yake mawili yakimbie kwa mwendo mmoja. Vifaa vya vipimo hivyo, pamoja na programu zake, viko katika karakana za kampuni.

Kwa hiyo, ukimpa fundi wa mjini kazi ya ndani, ipokee kwa majaribio kabla ya kulipa salio. Piga picha ya ukuta mweupe ulioangazwa sawasawa, kwa kasi ya 1/60, 1/250, 1/1000 na hatimaye kasi ya juu kabisa ya kamera yako, ukibadilisha tundu la lenzi au ISO ili mwanga uwe uleule. Ikiwa picha za kasi ya juu zina utepe wa giza upande mmoja, mapazia hayaendi sawa. Kisha laza rula mezani, elekeza kamera kwa mshazari, fungua tundu la lenzi kabisa, lenga namba moja, na uangalie kama namba hiyo ndiyo iliyo kali zaidi. Majaribio hayo mawili huchukua dakika kumi. Mimi niliwahi kuyaruka, nikagundua kasoro siku ya pili katika picha za familia nzima, na familia hiyo haikuweza kukusanyika tena.

Kuhusu muda, tatizo kubwa la fundi wa mjini ni ile ahadi isiyo na mwisho. “Yaya, urudi Jumatatu” (yaya kwetu ni ndugu mkubwa) ni kauli ambayo kila mmoja wetu ameisikia, na mara nyingi fundi mwenyewe anaiamini anapoisema, kwa sababu anasubiri mtu atoke Dubai au Lusaka na kipuri. Dawa ninayoitumia sasa ni kuandikiana: namba ya mfululizo ya kamera, hali yake kwa picha, kilicholipwa, na siku saba. Zikipita siku saba bila kipuri kuonekana kwa macho, kamera inarudi nyumbani ikiwa imefungwa skrubu zake zote. Betri, kadi na mkanda havibaki kwake hata siku moja.

Karakana iliyoidhinishwa

Kwa sisi wa Lubumbashi, njia ya kawaida ya kufika kwa kampuni ni Afrika Kusini, hasa eneo la Johannesburg. Kinshasa ni mbali zaidi kuliko watu wa nje wanavyodhani, na huko pia unafika kwa ndege. Ubora wa kazi ya karakana hizi hauna ubishi mkubwa: kipuri ni kipya, vipimo vinafanywa, na kazi hutolewa na dhamana ya maandishi. Kinachomtesa mpiga picha ni muda, na muda huo haupotei pale watu wanapodhani.

Nilipoorodhesha wiki zangu tisa, niliona kwamba kazi yenyewe ya kubadilisha shata ilikuwa ya siku mbili. Muda uliobaki ulikwenda hivi: safari ya kwenda, foleni ya kukaguliwa, kusubiri makisio ya gharama, siku nilizochelewa mimi mwenyewe kuyajibu, kusubiri kipuri kiagizwe, maana hakikuwapo ghalani, kusubiri malipo ya benki yaonekane upande wa pili, na safari ya kurudi pamoja na forodha. Karibu kila hatua kati ya hizo inaweza kufupishwa na mteja anayejua kwamba ipo.

Kufupisha kunaanza kabla ya kutuma. Uliza kwanza kwa barua pepe, ukitaja modeli na kasoro, kama kipuri kipo ghalani leo. Kampuni huacha kutoa vipuri miaka kadhaa baada ya modeli kuondoka sokoni, na hakuna uchungu kama kutuma kamera ng'ambo ili uambiwe kwamba ni ya zamani mno. Kisha eleza kasoro kwa usahihi. Mtu akiandika kwamba kamera haifanyi kazi, fundi wa huko atatumia muda kuitafuta kasoro, pengine asiione siku hiyo. Mtu akiandika kwamba kamera inatoa “Err 30” kwa kasi zote, kwa lenzi tatu tofauti na betri mbili halisi, tangu tarehe fulani, na akaambatisha picha ya skrini yake, amekwisha kufanya nusu ya ukaguzi. Mwisho, idhinisha gharama mapema: andika kwamba umekubali kazi iendelee bila kukuuliza ikiwa haizidi kiasi ulichokitaja. Sentensi hiyo moja ingeniokolea siku kumi na mbili.

Kuna mambo ya njiani pia. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika mizigo ya chini ya ndege. Hubebwa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100 kwa betri moja, ambapo betri ya LP-E6N ina takribani 14 tu. Kwa hiyo kamera itumwe bila betri. Anayepitia uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa, ulio kilomita zipatazo 90 kutoka hapa, apitie kwanza kwa watu wa forodha wa DGDA na kuomba karatasi ya kutoa chombo kwa muda, yenye namba ya mfululizo, pamoja na nakala ya ankara ya ununuzi. Bila karatasi hiyo, kamera yako ya miaka sita inaweza kurudi nchini ikihesabiwa kama bidhaa mpya, na ubishi wa dirishani hula siku nyingine.

Wengi hutumia msafiri badala ya kampuni ya vifurushi. Mimi pia nimefanya hivyo, na nasema wazi kwamba msafiri ni mwepesi wakati wa kwenda na mzito wakati wa kurudi, kwa kuwa yeye hurudi siku yake, na kamera hukamilika siku yake. Ukitaka kumtumia, mtumie kupeleka, kisha ulipie kifurushi cha kurudisha.

Kuhusu dhamana, usiihesabu kabla ya kusoma eneo lake. Dhamana ya kamera mara nyingi imefungwa katika eneo ilikouzwa, hivyo kamera iliyoletwa kutoka Dubai huenda isipokewe bure Johannesburg hata ikiwa na miezi mitatu tu. Canon na Nikon zina pia huduma za wapiga picha wa kazi, CPS na NPS, ambazo hutanguliza kamera za wanachama katika foleni na, kwa viwango fulani vya uanachama, huwakopesha kamera wakati yao inatengenezwa. Masharti hutegemea nchi. Anayefanya kazi nyingi upande wa pili wa mpaka anafaa kuyauliza.

Kasoro moja baada ya nyingine

Tukiweka fundi na karakana bega kwa bega, jibu hubadilika kwa kila kasoro, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasiwe na mkono mmoja kwa kila ugonjwa.

Shata iliyokufa: karakana, ikiwa kamera bado ina thamani. Kipimo changu ni nusu. Makisio ya kutengeneza, pamoja na usafiri, yakizidi nusu ya bei ya kamera kama hiyo iliyotumika na iliyo nzima, siitengenezi.

Maji: fundi wa mjini, siku hiyohiyo. Hili ndilo eneo ambalo karakana bora ya dunia inashindwa na kijana mwenye bisibisi katika kona ya Kamalondo. Maji ya mvua, na zaidi soda au bia ya harusi, huanza kula shaba ya saketi mara moja, na umeme wa betri huharakisha kazi hiyo. Toa betri, usijaribu kuiwasha hata mara moja “kuona kama inafanya kazi”, usiifukie katika mchele, kwa maana mchele hauvuti maji yaliyoko ndani na unga wake huongeza uchafu. Mpelekee fundi aifungue, aipanguse kwa alkoholi safi na kuikausha. Baada ya wiki tatu barabarani, karakana itapokea kutu.

Lenzi inayotoa “Err 01” kila ukifunga tundu: hapa nafikiria hasa Canon EF 24-105mm f/4L ya kwanza, iliyotoka mwaka 2005, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa harusi. Ugonjwa wake unajulikana: waya bapa laini unaopeleka umeme kwenye tundu la lenzi huchoka kwa kukunjwa kila unapovuta zumu. Dalili yake ni kwamba lenzi hupiga vizuri tundu likiwa wazi kabisa kwa f/4, na kukataa likifungwa hadi f/8. Waya wenyewe ni bei ndogo, na fundi mzoefu wa lenzi anaweza kuubadilisha, lakini awe amewahi kufanya kazi hiyo. Muulize akuonyeshe lenzi aliyoitengeneza. Wakati unasubiri, lenzi hiyo bado inakufaa kwa f/4.

Vumbi kwenye sensa: wewe mwenyewe. Mtu anayeishi na vumbi jekundu la Katanga kuanzia Mei hadi Oktoba hawezi kumlipa mtu kila anapoona madoa angani. Piga picha ya anga kwa f/16, madoa yataonekana. Anza kwa pampu ya mpira ya kupulizia, kisha, ikibidi, vijiti laini vyenye maji maalumu, vya ukubwa wa sensa yako, upitishe mara moja kila upande. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa yasikaribie sensa, kwa kuwa hutapika kimiminika.

Ukungu (kuvu) katika lenzi: fundi, na mapema. Ukungu hupenda giza na unyevu, na mvua zetu za Novemba hadi Aprili huvitoa vyote viwili katika begi lililofungwa. Ukiwa bado ni nyuzi chache, husafishwa. Ukikwisha kula utando wa kioo, hakuna fundi wala karakana inayourudisha utando huo. Boksi linalofunga vizuri lenye silika ya kukausha, iliyokaushwa upya mara kwa mara, linagharimu kidogo kuliko usafishaji wa lenzi moja.

Ubao mkuu wa saketi: si huyu wala yule. Nunua kamera nyingine, na hii iliyokufa iwe ghala lako la vipuri.

Kamera ya pili, au kukodi?

Hapa nafika kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote katika ulinganisho huu: kamera ya pili si anasa inayonunuliwa baada ya kamera ya kwanza kutengenezwa, bali hutangulia. Mwenye kamera ya pili anaweza kumsubiri fundi yeyote, hata wa polepole, na kuchagua kwa utulivu. Asiye nayo hulazimika kuchagua njia ya haraka, na njia ya haraka ndiyo iliyo ghali.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unakodi kamera kwa mwenzako kwa dola 40 kwa kila harusi, na una harusi moja kila Jumamosi. Kamera yako ikikaa nje wiki tisa, umelipa dola 360, na mwisho wake huna kitu mkononi. Weka kando Jumamosi ambazo mwenzako mwenyewe ana kazi, na kwa kawaida siku zenu za kazi ni zilezile, kwa kuwa watu wa mji mmoja hufunga ndoa katika miezi ileile. Kukodi kunafaa kwa ajali ya wiki moja au mbili. Kuazima bure kunafaa kwa siku moja tu, na makubaliano yake yaandikwe: kamera ikianguka ikiwa mkononi mwangu, nitalipa nini? Urafiki mwingi wa kazi umevunjika kwa sababu ya swali hilo kuulizwa baadaye.

Kamera ya pili haihitaji kuwa sawa na ya kwanza. Inahitaji kukubali lenzi zako na, ikiwezekana, betri zako. Anayetumia 5D Mark III au Mark IV atapata EOS 6D ya mwaka 2012 inayotumia betri za familia ileile ya LP-E6, ingawa ina nafasi ya kadi moja tu, jambo linalonifanya nisiitumie peke yake kanisani. Kwa watu wa Nikon, D610, D750 na D7200 zote hutumia betri ya EN-EL15. Ninaitanguliza D610 mbele ya D600, kwa kuwa D600 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa madoa ya mafuta na vumbi kwenye sensa, hata mwaka 2014 Nikon ikalazimika kuwabadilishia wateja shata bure. D750 nayo ni nzuri sana, ila baadhi ya zile za mwanzo ziliitwa karakanani kwa ajili ya shata mwaka 2015. Linganisha namba ya mfululizo na orodha iliyo kwenye tovuti ya Nikon kabla ya kutoa fedha.

Unaponunua iliyotumika, tafuta idadi ya mapigo ya shata. Nikon huiandika ndani ya faili la kila picha, hivyo picha moja iliyotumwa bila kuhaririwa inatosha. Canon nyingi haziiandiki humo. Unahitaji waya na programu inayosoma kamera yenyewe. Linganisha namba hiyo na kiwango ambacho kampuni ilikipima: 100,000 kwa EOS 6D, 150,000 kwa 5D Mark III na D750, 200,000 kwa D850, 400,000 kwa EOS-1D X na Nikon D5. Kiwango hicho si siku ya kufa. Nimeona shata zilizokivuka mbali na nyingine zilizokufa kabla ya nusu yake. Lakini anayeuza kamera iliyokaribia kiwango hicho anapaswa kupunguza bei kwa kiasi cha shata mpya.

Je, kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless) zitatutoa katika mateso haya? Kwa sehemu. Nikon Z 9 ya mwaka 2021 na Z 8 ya 2023 hazina shata ya mapazia kabisa, kwa hiyo ugonjwa ulionipata Kampemba hauwezi kuzipata. Upande wa Canon, adapta iliyotoka pamoja na EOS R mwaka 2018 inaruhusu lenzi zetu za EF kuendelea kufanya kazi. Hata hivyo, katika kamera nyingi za aina hii sensa hubaki wazi zaidi kwa vumbi unapobadilisha lenzi, na kinachoharibika ndani mara nyingi ni ubao wa saketi, ambao fundi wa mjini hana la kuufanyia. Kwa leo, hapa Lubumbashi, ningependelea kamera mbili za zamani kuliko moja mpya.

Nani achague nini

Mpiga picha wa harusi, na yule wa siku ya kutunukiwa shahada katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), ana kazi zisizorudiwa. Kwake kamera mbili begani si jambo la kujadiliwa, na kila moja ipige tangu mwanzo wa sherehe, isije ya pili ikatolewa begini siku ya ajali ikiwa na betri tupu. Kati ya fundi na karakana, yeye achague karakana kwa kila kinachogusa shata au fokasi.

Anayefanyia kazi kampuni za migodi au mashirika ana nafasi ya kurudia picha kesho yake, lakini ana mkataba wenye tarehe. Huyu naona anafaa kukodi kwa muda mfupi na kuingiza gharama hiyo katika bei yake tangu mwanzo. Mwenye studio ya picha za pasipoti na kitambulisho, anayepiga ndani, kwa taa zilezile na lenzi moja, anaweza kumtegemea fundi wa mjini kwa karibu kila kitu, na kamera ya akiba ya bei ndogo inamtosha.

Mteja aambiwe mapema. Katika makubaliano yangu ya sasa kuna mstari unaosema kwamba nitafika na kamera mbili, na kwamba zikishindwa zote, mwenzangu niliyemtaja ataendelea na kazi kwa bei ileile. Hakuna mzazi wa bibi harusi aliyewahi kuukataa, na baadhi yao wamenichagua kwa sababu yake.

Linabaki suala la lini. Msimu wetu wa harusi ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati vumbi nalo liko juu kabisa, na kamera huharibika hapohapo kwa sababu hapo ndipo zinapofanya kazi. Lakini dalili hujitokeza miezi mingi kabla: shata inayokwama mara moja katika mia tano, swichi inayohitaji kusukumwa mara mbili, fokasi inayositasita. Mwaka huu niliituma 5D yangu Johannesburg mwishoni mwa Januari, mvua zikinyesha na kalenda ikiwa tupu, kwa ajili ya ukaguzi tu. Ilirudi katikati ya Machi, muda uleule wa polepole kama kawaida, na hakuna harusi hata moja iliyoikosa.